Kutabiri Mawasiliano ya Pande Mbili Kwenye Mitandao ya Kijamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamepangwa kuanzia misingi hadi hali zisizo za kawaida. Anayezijua hesabu za grafu anaweza kuanzia swali la 8. Asiyezijua asiliruke swali la 5, kwa kuwa makosa mengi ya baadaye huzaliwa hapo.

## Misingi

1. Kutabiri mawasiliano ya pande mbili ni kufanya nini hasa?

Ni kuchukua watumiaji wawili, tuwaite A na B, ambao mmoja wao ameshamwandikia mwenzake, kisha kukadiria uwezekano wa huyo wa pili kujibu. Mtandao mzima huchorwa kama grafu: kila mtumiaji ni nodi, na ujumbe ni mshale unaotoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji. Kinachoulizwa ni kama mshale wa A kwenda kwa B utapata mwenziwe wa kurudi.

Kazi hii ina sura mbili ambazo huchanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni ya kuangalia mbele: A ameandika leo, je, B atajibu ndani ya siku 30 zijazo? Ya pili ni ya kujaza pengo: tunaujua mtandao wote wa kipindi kilichopita isipokuwa jozi hii, je, kwa kuzitazama sifa za wawili hawa na za majirani zao (watumiaji waliounganishwa nao moja kwa moja kwenye grafu), mawasiliano yao yalikuwa ya upande mmoja au ya pande mbili? Sura ya pili ni nyepesi zaidi, kwa sababu majirani wanaotumika kama ushahidi wameshamaliza kufanya yale waliyoyafanya. Ripoti isiyosema inashughulikia sura ipi haiwezi kulinganishwa na ripoti nyingine yoyote.

2. Je, hili si lile lile suala la kutabiri kiungo kipya?

Ni ndugu, lakini si pacha. David Liben-Nowell na Jon Kleinberg, katika kazi yao ya 2003, walichukua mitandao ya wanafizikia walioandika makala pamoja, wakauliza ni jozi gani ambazo bado hazijashirikiana zitashirikiana baadaye. Uhusiano wa kuandika pamoja hauna mwelekeo: ukiandika na mimi, nami nimeandika nawe. Aidha, karibu kila jozi isiyo na kiungo leo haitakuwa nacho kesho, hivyo ugumu wote upo katika kuwapata wachache miongoni mwa wengi.

Katika suala letu, mshale mmoja umeshapigwa. Wawili hawa wameshakutana; kinachobaki kujulikana ni kama mpokeaji anaona sababu ya kurudisha neno. Kwa hiyo kipimo kisichotofautisha pande, mfano idadi ya marafiki wa pamoja, hutoa tarakimu ile ile kwa A kwenda kwa B na kwa B kwenda kwa A, wala hakiwezi peke yake kutuambia nani kati yao ataandika na nani atanyamaza. Justin Cheng, Daniel Romero, Brendan Meeder na Kleinberg waliulizia tofauti hii moja kwa moja mwaka 2011, wakitumia jumbe ambazo watumiaji wa Twitter walielekezeana, na wakaonyesha kuwa kutabiri kurudishiana ni tatizo lenye tabia zake.

3. Kufuatana na kuwasiliana ni kitu kimoja?

Hapana. Kumfuata mtu ni kubonyeza mara moja na kusahau. Kumwandikia kunachukua muda na umakini, vitu viwili ambavyo kila mtu anavyo kwa kiasi. Mwaka 2009 Bernardo Huberman, Daniel Romero na Fang Wu walitenga kwenye Twitter orodha ya wafuasi na orodha ya wale ambao mtumiaji amewaelekezea angalau machapisho mawili, wakakuta kwamba mtandao wa pili ni mwembamba mno ukilinganishwa na wa kwanza. Bruno Gonçalves, Nicola Perra na Alessandro Vespignani nao, mwaka 2011, walipima mazungumzo ya Twitter wakapata kuwa mtu huweza kudumisha mahusiano thabiti kati ya 100 na 200 hivi, kiasi kinachokaribiana na watu 150 aliowakadiria mwanaanthropolojia Robin Dunbar kabla ya mitandao hii kuwapo.

Tafiti za kufuatana zina manufaa, lakini tarakimu zake zisihamishiwe kwenye ujumbe bila tahadhari.

4. Utabiri huu unamsaidia nani?

Unamsaidia mtengenezaji wa mtandao anayeamua ni ujumbe upi uonekane juu, mtafiti anayetaka kutenganisha mahusiano ya kweli na ushabiki wa upande mmoja, na mlinzi wa mfumo anayetafuta akaunti zinazoandikia maelfu bila kujibiwa (tazama swali la 19).

## Kupima

5. Kiwango cha kurudishiana hupimwaje?

Kuna hesabu mbili, na zote mbili huitwa kwa jina moja. Ya kwanza huhesabu mishale: katika mishale yote, ni mingapi yenye mwenziwe wa kurudi? Ya pili huhesabu jozi: katika jozi zote zenye angalau mshale mmoja, ni ngapi zenye miwili? Tuseme kuna jozi 100 zilizounganishwa, na 22 kati yake ni za pande mbili. Kwa jozi, kiwango ni asilimia 22. Kwa mishale, jozi hizo 22 zina mishale 44, nyingine 78 zina mmoja mmoja, jumla 122, na kiwango kinakuwa asilimia 36. Mtandao ni ule ule. Kilichobadilika ni kigawanyo.

Kuna tatizo la pili. Kwenye kikundi kidogo chenye mishale mingi, wengi watarudishiana kwa bahati tu. Diego Garlaschelli na Maria Loffredo walipendekeza mwaka 2004 kipimo kinachoondoa bahati hiyo: toa msongamano wa mtandao (sehemu ya mishale yote inayowezekana ambayo ipo kweli) kutoka kwenye kiwango cha mishale, kisha gawanya kwa moja kasoro msongamano. Chukua kikundi cha watu 20 chenye mishale 190 kati ya 380 inayowezekana, na kiwango cha 0.6. Msongamano ni 0.5, hivyo kipimo kilichorekebishwa ni 0.2. Sasa chukua mtandao wa watu 1,000 wenye mishale 10,000 na kiwango cha 0.3 tu. Msongamano wake ni karibu 0.01, na kipimo kinatoka 0.29. Mtandao ulioonekana kuwa na watu wagumu wa kujibu ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kurudishiana.

6. Kwa nini tarakimu za mitandao mbalimbali zinatofautiana sana?

Sababu ya kwanza ni kanuni za mtandao wenyewe. Alan Mislove na wenzake walichapisha mwaka 2007 vipimo vya mitandao minne: viungo vilivyorudishwa vilikuwa asilimia 62 kwenye Flickr, 73.5 kwenye LiveJournal, 79.1 kwenye YouTube na 100 kwenye Orkut. Hiyo 100 haimaanishi kwamba watumiaji wa Orkut walikuwa wakarimu kuliko wengine. Mfumo ulikataa kuandika urafiki mpaka pande zote mbili zikubali. Haewoon Kwak na wenzake, waliokusanya Twitter yenye akaunti milioni 41.7 na mahusiano bilioni 1.47, waliripoti mwaka 2010 kwamba ni asilimia 22.1 tu ya jozi zilizofuatana pande zote mbili.

Sababu ya pili ni ile ya swali la 5. Ile 22.1 ni ya jozi, ilhali tarakimu za Mislove ni za viungo, yaani mishale. Ukiigeuza iwe ya mishale inafika karibu 36. Tofauti na Flickr inabaki kubwa, lakini si kubwa kama inavyosemwa na wale wanaozipanga tarakimu hizi kwenye jedwali moja bila kusoma maelezo yake.

7. Jumbe ngapi zinatosha kusema kwamba watu wawili wanawasiliana?

Hakuna tarakimu takatifu. Ukikubali ujumbe mmoja kila upande, utaingiza salamu zilizokwenda kwa makosa na majibu ya "asante" yaliyoishia hapo. Ukidai kumi kila upande, utabaki na mahusiano imara lakini utawapoteza wanaoandikiana kwa nadra na kwa dhati. Desturi njema ni kurudia hesabu nzima kwa vizingiti vitatu au vinne; hitimisho linalopinduka kizingiti kikihama kutoka 3 hadi 5 lilikuwa ni hitimisho kuhusu kizingiti. Ni vyema pia kudai mshale wa kwenda uwe na uzito wa kutosha, kwa sababu hakuna maana ya kuuliza kwa nini B hakujibu ikiwa A aliandika neno moja tu.

## Viashiria

8. Ni viashiria vipi vyenye nguvu zaidi?

Kama ningeruhusiwa kuchagua kimoja, ningechagua tofauti ya hadhi kati ya mtumaji na mpokeaji. Katika kazi ya 2011 iliyotajwa kwenye swali la 2, vipimo vinavyokaribia kuonyesha hadhi ya mmoja kulinganisha na mwenzake vilikuwa miongoni mwa viashiria vizuri. Jambo hili linaeleweka bila hesabu: mtu anayepokea jumbe elfu kwa siku hawezi kujibu zote hata akitaka, na mtu anayemwandikia mwenye hadhi sawa na yake ana nafasi nzuri zaidi ya kusikika. John Hopcroft, Tiancheng Lou na Jie Tang, waliochunguza mwaka huo huo ni nani hufuatwa akifuata kwenye Twitter, waliona kwamba uwezekano wa watumiaji wawili wa tabaka la juu kufuatana ni karibu mara 8 ya uwezekano wa watumiaji wawili wa kawaida.

Baada ya hadhi, kiashiria kinachofaa ni tabia ya mpokeaji mwenyewe: katika wote waliowahi kumwandikia, amejibu sehemu gani? Wapo wanaojibu kila mtu na wapo wasiojibu yeyote, na kiwango hiki kimoja hubeba mzigo ambao wengi hudhani umebebwa na "uhusiano". Kisha hufuata wingi wa jumbe za mtumaji, kasi ya majibu yaliyotangulia, na muundo wa majirani (swali la 10).

9. Hadhi hupimwaje bila kumuuliza mtu?

Kwa nyayo anazoziacha kwenye grafu. Njia nyepesi ni kugawanya idadi ya wanaomwandikia mtu kwa idadi ya anaowaandikia; anayeandikiwa na wengi na kuandikia wachache ana uwiano mkubwa. Chukua uwiano wa A, ugawanye kwa wa B, kisha tumia logarithimu ya jibu ili kumi kwa moja na moja kwa kumi viwe umbali sawa kutoka sifuri. Wengine hutumia PageRank, ambayo humpa hadhi mtu anayeandikiwa na wenye hadhi. Kwa uzoefu, tofauti kati ya njia hizi ni ndogo kuliko gharama ya kuzihesabu.

Onyo moja: mshale wa A kwenda kwa B, na wa B kwenda kwa A kama upo, lazima uondolewe kabla ya kuhesabu uwiano. Usipouondoa, jibu unalolitafuta litakuwa limejificha ndani ya kiashiria.

10. Marafiki wa pamoja wana uzito gani?

Wana uzito, lakini si wote sawa. Lada Adamic na Eytan Adar walipendekeza mwaka 2003 kila rafiki wa pamoja apewe alama inayopungua kadiri anavyojuana na wengi, yaani moja gawanya kwa logarithimu asilia ya idadi ya watu wake. Rafiki mwenye watu 10 hupata alama 0.43, mwenye watu 1,000 hupata 0.14, sawasawa na theluthi. Kujuana kupitia mtu anayejulikana na kila mtu si ushahidi mkubwa wa ukaribu.

Katika kurudishiana, ni muhimu zaidi kutazama mielekeo. Ikiwa C anawasiliana na A na B kwa pande mbili, shinikizo la kujibu linakuwa tofauti na pale ambapo A na B wote wanamwandikia C asiyewajibu. Hali hii ya pili, ya mashabiki wawili wa mtu mmoja, huongeza idadi ya "marafiki wa pamoja" bila kuongeza mazungumzo.

11. Je, ni lazima kusoma maudhui ya ujumbe?

Si lazima, na mara nyingi haifai. Swali, jina la mpokeaji na urefu wa wastani huongeza nafasi ya jibu, lakini muundo wa mtandao peke yake hufika mbali. Faida ya ziada ipimwe dhidi ya yale yanayoelezwa katika swali la 21.

## Mbinu na data

12. Anayeanza atumie mbinu gani?

Aanze na msingi usio na akili: kila mpokeaji atabiriwe kwa kiwango chake cha kujibu cha zamani. Kisha regresheni ya lojistiki (mbinu inayojumlisha viashiria kwa uzito tofauti na kutoa uwezekano wa ndiyo au hapana) yenye viashiria vitano au sita, halafu mti wa maamuzi (mfuatano wa maswali yanayoishia kwenye jibu). Kila hatua ihalalishwe kwa kushinda iliyotangulia.

Mwenye msukumo wa kitakwimu aisome pia modeli ya Paul Holland na Samuel Leinhardt ya 1981, ambayo hutenganisha mambo matatu: mwelekeo wa mtu kuandikia wengine, mvuto wake wa kuandikiwa, na kurudishiana kunakobaki baada ya hayo mawili kuondolewa. Modeli hiyo ni ya zamani na haistahimili grafu za mamilioni ya nodi, ila fikra yake ndiyo dawa ya dhana niliyoitaja katika swali la 8.

13. Mitandao ya neva ya grafu haifanyi vizuri zaidi?

Mitandao hii, yaani modeli zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye grafu, inaweza kufanya vizuri pale grafu ni kubwa na nodi zina sifa nyingi. Mbinu kama DeepWalk ya 2014 na node2vec ya 2016 humgeuza kila mtumiaji kuwa orodha ya namba kwa kutembea ovyo kwenye grafu. GraphSAGE ya 2017 hujifunza namna ya kukusanya habari za majirani, hivyo huweza kumhudumia hata mtumiaji ambaye hakuwapo wakati wa mafunzo. Tatizo ni kwamba watu wengi hulinganisha jozi kwa kuzidisha orodha hizo mbili, operesheni isiyojua nani ametangulia. Jibu la A kwa B linakuwa sawa na la B kwa A, na tumerudi kwenye kasoro ya swali la 2 kwa gharama kubwa zaidi. Kila nodi ipewe orodha mbili, moja kama mtumaji na nyingine kama mpokeaji.

14. Data za kujifunzia zinapatikana wapi?

Mkusanyiko wa SNAP wa Chuo Kikuu cha Stanford una seti iitwayo CollegeMsg, yenye jumbe binafsi za mtandao wa kijamii wa Chuo Kikuu cha California, Irvine: watumiaji 1,899, jumbe 59,835, katika siku 193, kila ujumbe na saa yake lakini bila maandishi. Ni ndogo kiasi cha kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote. Barua pepe za kampuni ya Enron zilizowekwa hadharani wakati wa uchunguzi dhidi yake hutumika pia, ingawa mawasiliano ya kazini yana amri ndani yake: mtumishi humjibu bosi kwa sababu nyingine kabisa.

## Tathmini

15. Modeli yangu ina usahihi wa asilimia 90. Je, ni nzuri?

Inategemea ni jozi ngapi ambazo hazikurudishiana. Ikiwa ni 88 katika kila 100, modeli inayosema "hapana" kila mara ina usahihi wa 88, na yako imeongeza mbili tu. Toa pia AUC, ambayo ni uwezekano wa modeli kuipa jozi ya pande mbili alama ya juu kuliko jozi ya upande mmoja zikichaguliwa bila mpango, 0.5 ni sawa na kurusha sarafu. Hopcroft na wenzake waliripoti kubaini asilimia 90 ya mahusiano ya kufuatana, matokeo yanayoheshimika, lakini ni ya kufuatana na si ya ujumbe (swali la 3), na hayawezi kuwa kipimo cha kazi yako.

16. Kwa nini modeli iliyofaulu kwenye majaribio huanguka ikipelekwa kazini?

Mara nyingi kwa sababu ilikuwa imeona majibu. Anayegawa jozi ovyo katika fungu la mafunzo na fungu la majaribio huruhusu ujumbe wa mwezi wa sita uhesabiwe katika viashiria vya jozi ya mwezi wa tatu. Mgawanyo sahihi ni wa wakati: viashiria vyote vihesabiwe kabla ya siku fulani, matokeo yote yatazamwe baada yake, na hakuna kinachovuka mpaka huo.

Sababu ya pili ni kwamba modeli ikishawekwa kazini hubadilisha kile inachotabiri. Ujumbe unaodhaniwa utajibiwa huwekwa juu, huonekana, na hujibiwa; ule mwingine huzikwa chini na kunyamaziwa, kisha data mpya inathibitisha kuwa modeli ilisema kweli. Sehemu ndogo ya jumbe inapaswa kuonyeshwa bila kufuata alama za modeli, ili kubaki na kitu cha kuipimia.

## Hali za pembeni

17. Mtumiaji mgeni asiye na historia atabiriwe vipi?

Kwa wastani wa wapokeaji wote, ukirekebishwa polepole kadiri ujumbe unavyoongezeka. Mgeni aliyejibu mara moja kati ya moja si mtu anayejibu daima. Mchanganye na wastani mpaka afikishe jumbe kadhaa.

18. Mazungumzo ya vikundi yahesabiwe?

Yatengwe. Ujumbe wa kikundi cha watu 50 ukigeuzwa kuwa mishale 49, kila mwanakikundi ataonekana anawasiliana na kila mwenzake. Kinachoweza kuingizwa ni pale mtu anapomjibu mwenzake kwa jina au kwa kunukuu ujumbe wake.

19. Boti na akaunti za matangazo zifanyweje?

Boti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu, na zile za matangazo ziondolewe kabla ya kuhesabu chochote, kwa sababu hupotosha pande zote mbili: boti ya matangazo huandikia wengi bila kujibiwa, na boti ya huduma kwa wateja hujibu kila ujumbe papo hapo. Hii ya pili ndiyo hatari zaidi, maana modeli itaona kwamba akaunti yenye maelfu ya waandikaji hujibu wote, na itajifunza kinyume cha kanuni ya hadhi.

20. Kimya cha mpokeaji kihesabiwe kuwa amekataa?

Hapa ndipo kazi hii ilipo ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye data, kimya hakina mshindo wala maelezo. B huenda hakuuona ujumbe, aliacha kutumia akaunti, alijibu kwa simu, walikutana ana kwa ana, au kweli hakutaka. Yote matano yanaandikwa sifuri.

Baadhi yanaweza kutenganishwa. Ikiwa B hakufanya lolote mtandaoni tangu ujumbe ulipofika, jozi hiyo iondolewe badala ya kuitwa isiyorudishiana. Ujumbe uliotumwa siku ya mwisho ya data nao haujapata muda wa kujibiwa. Mbinu za takwimu zinazochambua muda wa kusubiri tukio hushughulikia hali hii kwa kuhesabu ujumbe huo kuwa "bado" na si "hapana". Kwa yaliyobaki, ripoti iseme wazi kwamba imetabiri majibu ndani ya mtandao mmoja, na isitumie neno urafiki.

21. Kuondoa majina kunatosha kulinda faragha?

Hakutoshi. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov walionyesha mwaka 2009 kwamba, kwa muundo wa grafu peke yake, theluthi ya watumiaji waliokuwa na akaunti Twitter na Flickr wangeweza kutambuliwa ndani ya grafu ya Twitter isiyo na majina, kwa makosa ya asilimia 12 tu. Umbo la mahusiano ya mtu ni kama alama ya kidole.

Isitoshe, utabiri wenyewe ni taarifa mpya. Modeli inayosema kwamba watu wawili huenda wanaandikiana inaweza kufichua uhusiano ambao hawakuutangaza, na ikikosea inaweza kuwabambikia uhusiano usiokuwapo. Kwa hiyo alama za jozi mojamoja zisitolewe nje ya mfumo, jumbe ghafi zifutwe viashiria vikishahesabiwa, na matokeo yachapishwe kwa makundi ambayo hakuna jozi inayoweza kuchomolewa ndani yake.